Je, wajua kwa nini binti aliyechanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, bado atahitaji kupimwa?

Mkoa wa Kilimanjaro ulianza kuchanja mabinti dhidi ya HPV kwa majaribio mwaka 2014, na mwaka 2018 chanjo ikaenda nchi nzima. Kwa hiyo mama wengi wa Moshi wana binti aliyechanjwa, na swali lao ni la haki: huyu sasa hatapata kabisa saratani ya mlango wa kizazi?

Hatari imepungua sana, ila haijaisha.

HPV si kirusi kimoja. Aina zake zinapita 200, zikipewa namba kadiri zilivyogunduliwa, na zinazoleta saratani ni kama dazeni moja tu. Vinara ni aina ya 16 na ya 18, alizozitambua mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake mwaka 1983 na 1984. Hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani, na chanjo zote zinazikinga.

Zinazofuata ndizo hutofautiana. Asia Mashariki husumbuliwa zaidi na 52 na 58. Kwetu Afrika, 45 ina nguvu, na ipo 35, ambayo kwa kweli inastahili kusemwa zaidi. Duniani inaonekana katika asilimia 2 hivi ya saratani hizi. Kusini mwa Sahara inaweza kufikia 10. Hata chanjo inayokinga aina 9 haina 35.

Kwa nini itofautiane? Virusi hivi vimeishi na binadamu tangu kale, vikahama naye na kubadilika huko alikokwenda. Kinga za miili nazo hazilingani. Tena VVU vikidhoofisha kinga, aina ambazo mwili ungezifukuza hupata nafasi ya kukaa.

Ndiyo maana kipimo cha siki kina thamani kubwa. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama: chembe zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe, ziwe zimeharibiwa na 16 au 35. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo, kabla hazijawa saratani. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakifika miaka 30, na wanaoishi na VVU miaka 25, hata kama walichanjwa.