Mbegu ya mti wa asili: uliza imeokotwa wapi

Masika yakikaribia, vikundi vya mazingira huanza kusaka mbegu za kurudisha uoto kwenye vilima na kingo za mito. Huuliza bei, huuliza aina: mvule, mpingo, mkulo. Swali ambalo mimi ningelitanguliza ni hili: miti mama ilikuwa wapi?

Mti wa jina moja hauna tabia moja kila mahali. Chukua mgunga uitwao kitaalamu Faidherbia albida, ule unaopukutisha majani mvua zikinyesha na kuchipua kiangazi. Ulipojaribiwa kwenye maeneo makavu ya Afrika Magharibi, miche iliyotokana na mbegu za kusini mwa Afrika ilikufa kwa wingi kuliko ile ya mbegu za huko huko.

Kwa hiyo tafuta mbegu za karibu na unapopanda, ila ukaribu wenyewe haupimwi kwa kilomita peke yake. Kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, hazifiki 40, lakini unapanda takriban mita 1,000, na joto, ukungu na udongo vinabadilika njiani. Anayepanda Lushoto, mimi ningemshauri atafute mbegu kwenye milima ya Pare, mahali penye mwinuko na mvua kama zake, kuliko kuokota pale chini Mombo.

Kuna kosa jingine linaloniumiza zaidi, kwa sababu halionekani hadi miaka mingi ipite. Mtu anakuta mti mmoja kando ya barabara umezaa sana, anajaza gunia, kitalu kizima kinakuwa cha ndugu wa mama mmoja. Ndugu hao wakija kuzaana, mbegu zao huwa dhaifu. Kusanya kutoka miti 30 au zaidi, iliyoachana mita 50 hadi 100, na kila mti uuachie sehemu kubwa ya mbegu zake kwa ajili ya ndege, wanyama na msitu wenyewe. Msitu uliobaki na miti mitatu minne tu haukutoshi, hata ukiwa mlangoni kwako. Changanya na mbegu za misitu mingine yenye hali ya hewa inayofanana.

Mvule una dume na jike, kwa hiyo usiusubiri kila mti uzae. Matunda yake ya kijani popo huyapenda sana. Okota yaliyoiva na kuanguka, kabla hayajakauka, yaloweke, yaponde kwa mkono ndani ya ndoo, chuja, kisha anika mbegu kivulini. Ni ndogo mno, upepo ukipita umezipoteza. Za mkulo hazingoji: ziatike mara tu unapozipata, kwani hufa upesi.

Ukinunua, pasua chache kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe na kugumu, kuna uhai; kukiwa kweusi, kutupu au na funza, rudisha. Muuzaji akueleze mahali zilipokusanywa, mwezi, idadi ya miti mama na asilimia ya uotaji. TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa Tanzania na KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu) kwa Kenya huuza mbegu za miti, anzia huko. Kama mnakusanya wenyewe ndani ya msitu wa hifadhi, ombeni kibali kwanza, na kila mfuko uandikeni siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika karatasi ikilowa.