Mkono usiobana: kujifunza kumshika ndege wa porini na kumvisha pete

Kila tunapotandika nyavu pembeni ya shamba la mtu, swali la kwanza ni lilelile: “Hao ndege, mnawala?” Halituudhi. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sote tumekua tukiona watoto wakinasa ndege kwa ulimbo na kuwalenga kwa manati, na safari ya ndege wa namna hiyo iliishia kwenye makaa. Ndiyo maana mtu akituona tunamtoa shore wavuni, tunampima, tunampa pete mguuni kisha tunamwachia aende zake, husimama hapo hadi tumalize. Wengine, hasa vijana, hurudi kesho yake kuomba wafundishwe. Makala haya nawaandikia wao.

Pete yenyewe ni kipande chepesi cha madini, aghalabu aluminiamu, chenye namba na anwani. Namba hiyo hapewi ndege mwingine. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliianza kazi hii kwa mpango mwaka 1899 kwa kuwavisha pete kwezi wa mji wa Viborg. Miaka michache baadaye ikajibu swali la siku nyingi, mbayuwayu wa Ulaya huenda wapi wakati wa baridi: mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kabla ya hapo watu walikisia tu. Baadhi ya mbayuwayu tunaowaona wakikata hewa juu ya Ziwa Kivu ni wa jamii hiyohiyo ya wasafiri.

Na kwetu Kivu ya Kusini upo mfano ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1951 bundi wa aina isiyojulikana alipatikana katika milima ya Itombwe. Akapewa jina la Alexandre Prigogine, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi katika migodi ya Kamituga. Kisha miaka 45 ikapita bila mtu kumshika mwingine. Mwaka 1996 jike mmoja akaingia wavuni Itombwe. Akapimwa, akapigwa picha, akaachiwa. Mambo mengi tunayoyajua kwa uhakika kuhusu umbo la bundi huyo akiwa hai yametokana na mara ile moja, na kama waliomkuta wangekuwa na mikono isiyofundishwa, tungebaki na maiti ya pili.

Wavu wa kazi hii ni mwembamba mno, mweusi, na ukiusimamisha mbele ya kichaka hauonekani. Unaitwa wavu wa ukungu. Hufungwa kwenye fito mbili, na kamba zinazopita kati yake huacha matumbo yaliyolegea. Ndege hugonga, huangukia tumboni, hutulia humo. Tunaufungua kabla jua halijachomoza na kuuzungukia kila dakika 20 hivi, na jua likikaza au mawingu yakianza kushuka kutoka mlima Kahuzi hatungoji hata hizo. Ndege aliyelowa wavuni hupoteza joto upesi; chozi mwenye gramu kama 8 hana akiba ya kupambana na baridi. Mvua ya Bukavu mnaijua, haipigi hodi. Jioni pia nyavu zikunjwe mapema, la sivyo zitajaa popo. Popo huuma, na kuumwa naye si jambo la kupuuza, kwa hiyo mwanafunzi asimguse kabisa.

Kumtoa ndege ndiko kunakotenganisha fundi na mtu mwenye hamu. Kwanza uangalie aliingilia upande gani, maana mlango alioingilia ndio atakaotokea. Kwa kawaida huanza miguu, ikifuata bawa moja, kisha la pili, kichwa mwisho. Ukianza na kichwa, nyuzi zinakaza kwenye mabega na yeye anazidi kupiga mabawa.

Siku zangu za kwanza nilikutana na shore aliyekaa vizuri tu, nikajisemea huyu ni wa dakika moja. Nilipomvuta, kichwa hakikutoka. Nikavuta tena. Mwalimu wangu, mzee asiyepandisha sauti, akanishika kifundo cha mkono: “Mfungue mdomo, mwanangu.” Uzi ulikuwa umezunguka ulimi. Ulimi wa ndege una vijiba vidogo vinavyoelekea nyuma. Uzi ukiingia hapo, kila ukivuta unamchana. Mzee alichukua kijiti laini, akausukuma uzi mbele kuelekea ncha, ukatoka. Mimi nilikuwa natetemeka kuliko ndege. Tangu siku hiyo natembea na mkasi mdogo shingoni, na wanafunzi wangu nawaambia wakate uzi bila kuniomba ruhusa. Wavu hushonwa.

Akishatoka, mlaze mgongo kwenye kiganja, shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vilivyobaki vimzunguke kama kizimba. Hapo shingo inazuiliwa tu, haibanwi. Kosa la wengi ni kukaza kifua kwa hofu asiruke. Ndege hana ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo unaotusaidia sisi kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Ukiuzuia mfupa huo, umemziba pumzi ingawa koo liko wazi. Mkono uliofundishwa unausikia moyo ukipiga mbio kwenye vidole na bado haukazi. Hilo halipatikani kwa kusoma wala kwa kutazama video. Linakuja baada ya mamia ya ndege, mwalimu akiwa kando yako.

Akihema huku mdomo uko wazi, au akifumba macho na kutunisha manyoya, kazi imekwisha hata kama hujampima. Mwachie kwenye kivuli. Naona fahari zaidi kwa mwanafunzi aliyeniletea daftari lenye mistari mitupu kwa sababu hiyo kuliko aliyejaza kila safu.

Kupima ni haraka. Ndege mmoja kwa mfuko mmoja wa kitambaa, mizani, rula ya bawa, kisha unapuliza manyoya ya tumbo kuona mafuta ya safari au ngozi tupu, isiyo na manyoya, ya kuatamia mayai. Pete hufungwa kwa koleo maalumu lenye tundu la saizi yake, na lazima izunguke na kuteleza bila kukwama.

Msijinunulie nyavu. Ndege wa porini wanalindwa na sheria ya Kongo ya mwaka 2014 ya uhifadhi wa asili, na kuwakamata kunahitaji kibali. Njooni kwenye vituo vya utafiti, mbebe fito, mwandike namba, mtazame kwanza.

Na wewe usiye na nia ya kujifunza, ukimkuta mbayuwayu, mwewe au korongo mwenye pete, usimkate mguu. Akiwa mzima, soma namba na anwani, andika mahali na tarehe, mwachie na pete yake, kisha utume habari kwa anwani hiyo au utuletee sisi. Maandishi huzunguka mguu wote, kwa hiyo picha moja haitoshi. Zungusha pete taratibu kwa ukucha, piga tatu au nne.