Kufuta jina si kumficha mtu: kwa wanaojitolea na wanaoandika kwenye vituo vya jamii

Malalamiko yanayotufikia kutoka Nyamagana na Ilemela, hapa Mwanza, siku hizi yanafanana. Mtu alikwenda kwenye kituo kinachohudumia jamii ya LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wengine) kupata ushauri au kupima VVU, akazungumza na mwandishi wa jarida la kituo, kisha shemeji yake akamtambua kwenye makala isiyo na jina. Mwandishi hakuwa na nia mbaya.

Tazama sentensi kama hii: "Fundi cherehani wa miaka 34 karibu na soko la Kirumba, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeachana na mkewe mwaka jana." Kila jambo humo ni la kawaida, ila yakikaa pamoja yanamwonyesha mtu mmoja tu. Andika "fundi wa hapa Mwanza, mwenye miaka thelathini na kitu", na habari ya ndoa itoke kama makala inasimama bila hiyo. Tafadhali msibuni badala. Ukimgeuza kuwa kinyozi wa Igoma, yupo kinyozi wa Igoma atakayeanza kuulizwa maswali.

Picha ni vivyo hivyo. Uso ukizibwa, bado kuna sauti, kovu, mshono wa kitenge na geti la jirani lililo nyuma. Faili la picha ya simu pia mara nyingi hubeba saa na mahali ilipopigwa, na ukilituma kwa WhatsApp kama dokumenti, taarifa hizo huenda nalo. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya na za mahusiano ya kimapenzi zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na msingi wake ni ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Anayekusanya au kuchakata taarifa anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayefichua taarifa kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, hukabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni taasisi, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

Tunaambiwa, "Sisi tunajitolea tu, hatulipwi, sheria haituhusu." Inawahusu. Sheria haiulizi mshahara, na daftari la kalamu linahesabika sawa na kompyuta. Wengine husema aliyejitangaza mwenyewe mtandaoni hana siri tena. Alichotangaza ni chake. Majibu ya kipimo chake hakuyatangaza.

Dai linalotuchosha zaidi ni kwamba kwa kuwa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kujamiiana "kinyume cha maumbile", kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha, basi mtu wa jamii hii hana haki ya faragha. Hakuna sheria inayompa jirani ruhusa ya kusambaza jina la mtu. Ni kweli kwamba sheria ina misamaha, kama amri ya mahakama na upelelezi wa makosa. Afisa akifika kuomba taarifa, anayejitolea asikabidhi daftari na wala asibishane. Ampeleke kwa msimamizi, ombi liwe la maandishi, mwanasheria alisome.

Kwa sababu hiyo hiyo, andikeni kidogo. Daftari la mlangoni lenye safu ya jina na simu husomwa na kila anayefuata. Tumieni namba, na orodha inayounganisha namba na majina ikae peke yake kabatini kwa ufunguo, pamoja na fomu za ridhaa, maana fomu nayo ina jina na sahihi. Nauli ikitumwa kwa simu, jina lililosajiliwa humtokea mtumaji na kubaki kwenye taarifa ya miamala. Atume mtu mmoja aliyepangwa, wala asiandike kwenye kitabu cha simu "Juma wa kituo".

Fomu ya ridhaa itenganishe maneno, picha na sauti, itaje vitachapishwa wapi na kwa muda gani. Mwambieni mtu mapema kwamba anaweza kujiondoa, lakini nakala zilizokwisha chapwa na kugawiwa hazirudi. Chini ya miaka 18, msichape simulizi.

Taarifa ikivuja kwenye kundi la WhatsApp, aliyetuma afute kwa wote mara moja, na mwenye taarifa aambiwe siku hiyo hiyo, kabla hajaisikia mtaani. Mtu mmoja ahifadhi ushahidi kwa ajili ya malalamiko kwenye Tume: tarehe, saa, kundi na namba iliyotuma. Wengine wasiisambaze picha ya skrini ili kuonyesha ubaya wake, maana huko ni kuivujisha mara ya pili.