Ziara ya wanafunzi: anza na saa ya kurudi

Ratiba nyingi za ziara huandikwa kuanzia asubuhi kwenda jioni. Mimi huiandika kinyume. Saa ambayo wazazi watakuwa wamesimama getini ndiyo isiyosogea, basi hiyo inaandikwa kwanza, kisha narudi nyuma hatua kwa hatua.

Chukua wanafunzi 45, mwendo wa saa moja na nusu, na ahadi ya kuwa shuleni saa 10:00 jioni. Ukitenga nusu saa ya foleni na mvua, basi lazima liondoke saa 8:00 mchana. Mkifika saa 4:30 asubuhi mna saa tatu na nusu, yaani dakika 210. Zinaonekana nyingi, ila kushuka, kuhesabiwa na kwenda chooni kunakula 35. Chakula kinachukua 45. Choo cha mwisho, kukusanyika na kupanda basi, 45 nyingine. Mnabaki na dakika 85 za kujifunza. Anayepanga vituo sita ndani ya muda huo hajapiga hesabu hii.

Hesabu inayodharauliwa kuliko zote ni ya choo. Watoto 45 kwenye matundu manne, dakika mbili kila mmoja, ni raundi 12, yaani dakika 24, na hapo hakuna tundu lililofungwa kwa matengenezo. Kwa hiyo mtu anapokwenda kukagua eneo kabla ya ziara, ahesabu matundu yanayofanya kazi. Aende siku ileile ya wiki na saa ileile ambayo wanafunzi watafika, maana mahali palipo patulivu Jumanne asubuhi huenda Ijumaa pamejaa shule nyingine tatu. Aangalie pia basi litageuzia wapi, mvua ikinyesha mtajikinga wapi, na simu inashika mtandao au la.

Dakika 85 zinatosha vituo vitatu: 25 kwa kila kimoja, na nafasi mbili za kuhama za dakika tano tano. Gawa wanafunzi makundi matatu ya 15 yanayopokezana. Mwongozaji mmoja mbele ya watoto 45 husikiwa na walio mbele tu. Wa nyuma wanatazama visogo vya wenzao na kuanza michezo yao, na mimi siwalaumu. Mwongozaji naye aambiwe mapema kwamba ana dakika 25, la sivyo atatoa maelezo yake ya saa nzima na kundi linalofuata litarundikana mlangoni.

Uchovu nao si uvivu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Museum of Fine Arts ya Boston alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, akiwa na picha za mtu anayeinama na kuchuchumaa ili asome vibandiko na kuona vitu kabatini. Mtoto wa leo anainama vilevile. Ndiyo maana napendelea karatasi yenye maswali matatu au manne, na hakuna hata moja ambalo jibu lake limeandikwa ukutani. "Mashine hii ilitengenezwa mwaka gani?" ni kunakili kibandiko. "Tafuta sehemu iliyochakaa kuliko nyingine, kisha eleza mkono ulikuwa unashika wapi" inamlazimisha aitazame mashine yenyewe.

Kabla ya siku yenyewe, tenga kipindi kimoja darasani. Nir Orion na Avi Hofstein, walioandika kuhusu ziara za sayansi mwaka 1994, walitaja ugeni wa aina tatu unaomzuia mwanafunzi kujifunza: ugeni wa somo, wa mahali, na wa siku yenyewe itakavyokwenda. Wa kwanza walimu wanaukumbuka. Aina mbili zinazobaki huachwa, ilhali tiba yake ni rahisi: waonyeshe ramani na picha za eneo, waambie watakula saa ngapi na wapi, choo kiko upande gani, wavae viatu gani. Kama watapima kina cha mto, waujaribu ule ufito wa kupimia uwanjani kwanza. Asiyeujua ataucheza ukingoni mwa maji.

Kwenye pesa, kosa ni moja na hurudiwa kila muhula: gharama ya basi inagawanywa kwa idadi ya waliojiandikisha. Basi halipungui bei kwa sababu watoto saba hawakulipa. Likigharimu 4,500 na ukagawanya kwa 45, kila mmoja analipa 100. Wakilipa 38 tu, una pengo la 700. Gawanya kwa 38 tangu mwanzo, kila mmoja alipe kama 119, na ziada ikipatikana irudishwe. Kiingilio na chakula, vinavyolipwa kwa kichwa, vihesabiwe kando.

Dereva naye ana mwili. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Hata pasipo na sheria hiyo, mimi naitumia kama ukomo.

Dawa ya pumu isikae kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Ikae kwa mtu mzima anayetembea na kundi la mtoto huyo, pamoja na karatasi ya mzio na namba mbili za simu za nyumbani. Nakala ya orodha nzima ibaki shuleni.

Sasa kuhesabu. "Wote tupo?" si hesabu: watoto 44 watapaza sauti "ndiyo" kwa niaba ya wa 45 aliyebaki chooni. Wakiwa wameketi, mtu mzima mmoja anaanza mbele kwenda nyuma, mwingine anaanza nyuma kuja mbele, kila mmoja akigusa mgongo wa kila kiti chenye mtu bila kutaja namba kwa sauti. Wakimaliza, kila mmoja anaandika namba yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Zikitofautiana, au zisipolingana na orodha, wanaanza upya na dereva hawashi injini. Mzazi akija kumchukua mtoto njiani, asaini kwenye orodha hiyohiyo, na idadi ibadilishwe papo hapo kwenye nakala zote mbili.