Huduma za Pamoja kwa Okestra: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kampala ina makundi ya muziki yanayohitaji vitu vilevile: noti, timpani (ngoma kubwa za okestra), dabo besi (ala ya nyuzi yenye sauti nzito kabisa), fundi na mtu wa mahesabu. Lakini kila wazo la kushirikiana likitajwa, huzuka maneno yasiyo sahihi.

"Tukiwa na ofisi moja tutamezwa."
Kinachoshirikiwa ni kazi ya nyuma ya jukwaa: maktaba, ghala, matengenezo, malipo na tiketi. Kuchagua muziki, mwongozaji na wapigaji hubaki kwa kila okestra, na mkataba useme hivyo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

"Noti zipo bure kwenye intaneti, maktaba ya nini?"
Hapa ndipo mazoezi mengi huharibika. Chukua okestra ndogo: fidla za kwanza 8, za pili 6, viola 4, selo 4, dabo besi 2. Ni watu 24, wawili kwa stendi moja ya noti, kwa hiyo nakala 12 za noti za ala za nyuzi. Kiongozi wa fidla za kwanza huweka alama za upinde (fimbo ya kupigia nyuzi), zinazoonyesha uende juu au chini, viongozi wa sehemu nyingine hulinganisha zao na hizo, ndipo mkutubi huzinakili kwa penseli kwenye kila stendi. Hatua hiyo ikirukwa, mazoezi ya kwanza huishia kwenye mabishano ya upinde kwenda juu au chini. Okestra mbili zikitumia noti zilezile, kila moja iwe na nakala mama ya alama zake. Bila hiyo, moja itafuta kazi ya mwenzake.

Uchapishaji nao una adabu yake. Kata kwanza ukingo mweupe wa nakala iliyoskaniwa, kisha ikuze hadi mistari mitano ya noti ifikie angalau milimita 7 kwa urefu. Karatasi ya gramu 80 huonyesha maandishi ya upande wa pili. Tumia ya 100 au 120. Unganisha kurasa kwa utepe wa gundi, kwa sababu karatasi moja moja hupeperushwa na feni.

"Seti ya noti tuliyokodi, wenzetu nao waitumie."
Hapana. Mchapishaji hukodisha kwa okestra iliyotajwa na kwa tarehe zilizotajwa. Okestra ya pili huomba mkataba wake. Tena angalia nchi: sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 iliweka miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, huku Umoja wa Ulaya ukiweka 70. Mtunzi Sibelius wa Finland alifariki 1957. Onyesho la Kampala likirushwa mtandaoni hadi Ulaya kabla ya 2028, hesabu inabadilika, kwa kuwa huko kazi zake bado zinalindwa.

"Ala ikikaa ghalani haiharibiki."
Unyevu unaofaa ala za mbao ni asilimia 40 hadi 60, na hewa ya Kampala mara nyingi hupita hapo. Weka kipima unyevu na utazame kila wiki. Upinde ulegezwe kila baada ya kupiga. Fidla ikifumuka kwenye maungio, usimpelekee seremala wa samani: gundi yake nyeupe hushika kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, na msukosuko ukija tena mbao ndiyo itapasuka. Gundi ya fidla hutengenezwa kwa ngozi ya wanyama, nayo imekusudiwa kuachia kabla ya mbao. Ukiacha fidla kwenye gari juani, gundi hiyo hulainika. Timpani nazo zibebwe kwa fremu, kamwe si kwa pete ya juu. Pete ikipinda, ngozi haikazi sawasawa na sauti haitulii.

"Tugawane gharama nusu kwa nusu."
Anayetumia timpani mara moja kwa mwaka hatavumilia kulipa sawa na anayezitumia kila mwezi, na akijitoa mzigo wote humwangukia aliyebaki. Kodi ya ghala na bima igawanywe kulingana na bajeti ya kila okestra. Ala zilipiwe kwa siku. Huduma hiyo ya pamoja ikisajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ankara zake zitaongezewa asilimia 18, basi mhasibu aulizwe mapema. Desemba kila mtu hutaka timpani wikendi ileile: kalenda ifungwe Agosti, na siku moja iachwe wazi kati ya okestra moja na nyingine kwa usafirishaji na ukaguzi.