Chakula na kinga ya mbwa wako: maswali na majibu

Mbwa wangu huugua mara kwa mara. Kuna chakula cha kumwongezea kinga?

Hakuna chakula kimoja chenye kazi hiyo, hata kama kopo limeandikwa hivyo. Kinga ya mbwa ni seli nyeupe za damu, kingamwili (protini za damu zinazonasa vijidudu), ngozi, na utando laini wa utumbo na wa njia ya hewa. Vyote hivyo hujengwa upya kila siku kwa protini, mafuta, vitamini na madini anayokula. Kirutubisho kikipungua, ujenzi unakwama. Ukikirudisha, kinga inarudi katika hali yake. Ukikizidisha kwa mbwa asiye na upungufu, kinga haipandi, na mara nyingine unamdhuru.

Tena kinga iliyochangamka kupita kiasi si jambo la kulitamani. Kuna mbwa wenye mzio wa ngozi, na wapo ambao kinga yao huharibu chembe nyekundu za damu yao wenyewe. Hao wanaumwa kwa sababu kinga inashambulia pasipostahili.

Kabla ya kununua kiongezi chochote, angalia mambo matatu. Je, chakula chake kimekamilika? Anapata kiasi kinacholingana na uzito wake? Amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo kwa ratiba? Minyoo, viroboto na kupe hula protini na damu ambayo chakula kizuri kingeitumia kumlinda. Mbwa anayeharisha au kutoka vidonda vya ngozi kila baada ya muda mfupi apimwe kwanza, chakula kibadilishwe baadaye.

Anahitaji protini kiasi gani?

Kingamwili zenyewe ni protini, kwa hiyo hapa ndipo pa kuanzia. AAFCO, chama cha Marekani cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo, kinataka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima, yaani aliyekwisha kukua, na asilimia 22.5 kwa anayekua, mwenye mimba au anayenyonyesha. Asilimia hizo huhesabiwa baada ya kuondoa maji yaliyomo kwenye chakula.

Hesabu hiyo ya maji huwapotosha watu wengi wanaposoma lebo. Chukua kopo la chakula laini linalosema protini asilimia 10, unyevu asilimia 78. Toa 78 kwenye 100, zinabaki 22. Gawanya 10 kwa 22, zidisha kwa 100: unapata karibu 45. Chakula kikavu chenye protini 26 na unyevu 10, kwa hesabu hiyo hiyo, kina karibu 29. Kopo lililoonekana hafifu ndilo lenye protini nyingi, ukiacha maji pembeni.

Kwenye lebo tafuta pia maneno yanayosema kwamba chakula ni kamili, na ni kamili kwa umri gani. Kilichoandikwa "cha nyongeza" hakitoshi kuwa mlo wa kila siku.

Usimpunguzie mbwa protini kwa sababu tu amezeeka. Mzee hupoteza misuli, na misuli ndiyo akiba ambayo mwili huichota wakati wa ugonjwa. Mwenye ugonjwa wa figo ana mpango wake tofauti, na mpango huo hupangwa na daktari wa mifugo baada ya kipimo cha damu.

Apewe kiasi gani kwa siku?

Andika uzito wake kwa kilo mara tatu na uzizidishe pamoja (kilo 10 inakuwa 10 × 10 × 10, yaani 1,000), tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, halafu zidisha kwa 70. Kwa kilo 10 unapata takribani kilokalori 394. Hiyo ni nishati ya mwili uliopumzika. Mbwa mzima aliyehasiwa zidisha kwa 1.6, asiyehasiwa kwa 1.8. Mbwa wa kilo 10 aliyehasiwa atahitaji basi karibu kilokalori 630. Ikiwa chakula chake kikavu kina kilokalori 350 kwa gramu 100, hizo ni gramu 180 kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Pima kwa mizani. Kikombe hudanganya, kwa kuwa mkono ukijaza kwa ukarimu kidogo tu kila siku, mbwa ananenepa bila mtu kugundua.

Hesabu ni mwanzo tu. Baada ya wiki mbili mpapase: mbavu zihisike kwa urahisi chini ya ngozi bila kuonekana zimetokeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Vitafunwa vya zawadi visizidi asilimia 10 ya kilokalori za siku, na vihesabiwe ndani ya jumla.

Unene unahusianaje na kinga?

Mafuta ya mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe usioisha ndani ya mwili, ule unaotokea kinga ikipambana, kwa hiyo kinga ya mbwa mnene hushughulika muda wote bila adui wa kweli. Mwaka 2002 Marekani kulichapishwa utafiti uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Wale waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka 1.8 zaidi kwa wastani, na magonjwa ya uzeeni yaliwachelewa. Hakuna kiongezi cha kopo kinachokaribia matokeo hayo.

Utumbo una nafasi gani?

Kubwa sana. Sehemu kubwa ya seli za kinga hukaa kwenye ukuta wa utumbo, karibu kabisa na chakula na bakteria. Bakteria wazuri huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazolisha seli za ukuta huo. Ukuta ukidhoofika, vimelea hupenya.

Nyuzinyuzi kidogo zinatosha. Kijiko kimoja au viwili vya mezani vya boga lililopikwa bila sukari wala chumvi vinamfaa mbwa wa ukubwa wa kati. Pumba nyingi zinaharibu, kwa sababu zina fitati inayokamata zinki isifyonzwe. Kuhusu bakteria wa kuongezea, chagua bidhaa inayotaja aina kamili ya bakteria na idadi yao hadi siku ya kuisha muda. Katika utafiti wa mwaka 2003, watoto wa mbwa waliopewa Enterococcus faecium SF68 walikuwa na kingamwili nyingi zaidi, zikiwemo za chanjo ya distemper, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa. Matokeo hayo ni ya aina hiyo ya bakteria, na hayawezi kuhamishiwa kila unga unaouzwa kwa jina la bakteria wazuri.

Ukibadilisha chakula, badilisha taratibu. Siku mbili za kwanza kipya kiwe robo, siku ya tatu na ya nne nusu, ya tano na ya sita robo tatu, ya saba chote. Mbwa mwenye tumbo jepesi apewe siku 10 hadi 14. Kuharisha baada ya kubadilisha ghafla hudhaniwa kuwa mzio, na chakula kizuri hutupwa bure.

Mafuta ya samaki je?

Omega-3 zake mbili, EPA na DHA, hutuliza uvimbe, na ngozi yenye mwasho ndiyo hunufaika wazi zaidi. Soma nyuma ya chupa. Kidonge cha miligramu 1,000 cha kawaida kina EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Zilizobaki ni mafuta mengine. Mbwa mwenye afya wa kilo 10 anahitaji karibu miligramu 170 za EPA na DHA kwa siku, kwa hiyo kidonge kimoja kinamtosha na kumzidi. Kwa ugonjwa wa ngozi au viungo daktari anaweza kupandisha, lakini kwa mbwa huyo asivuke kama miligramu 2,000. Juu ya hapo damu huchelewa kuganda, vidonda huchelewa kupona na kinga inashuka, kinyume kabisa na ulichokusudia. Mafuta haya pia huongeza mahitaji ya vitamini E.

Usichanganye mafuta ya mwili wa samaki na mafuta ya ini la chewa. Hayo ya ini yana vitamini A na D nyingi, na dozi iliyokusudiwa kwa ajili ya omega-3 inaweza kumjaza sumu ya vitamini.

Ini na vitamini C?

Gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa huwa na takribani vizio vya kimataifa (IU) 30,000 vya vitamini A. Mbwa wa kilo 10 anahitaji vizio karibu 800 kwa siku. Kipande cha gramu 5 hadi 10 kinatosha. Ini nyingi kwa miezi inaweza kuotesha mifupa mipya kwenye pingili za shingo, na mbwa asiweze tena kugeuza kichwa bila maumivu.

Vitamini C mbwa huitengeneza mwenyewe kwenye ini lake. Vitamini D, kinyume chake, lazima aile, maana ngozi yake haitengenezi ya kutosha hata akilala juani mchana kutwa.

Nampikia mwenyewe nyama, wali na mboga. Inatosha?

Kwa siku chache, ndiyo. Kwa miezi, hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya mbwa kutoka vitabuni na mtandaoni, na asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Zinki na kolini ziliongoza kwa kukosekana.

Kasoro kubwa ni kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, kwa hiyo mwili huichota kutoka kwenye mifupa, ambayo hulainika. Mbwa mzima anahitaji angalau gramu 1.25 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000. Yule wa kilokalori 630 anahitaji karibu miligramu 790. Gramu 2 za unga wa maganda ya mayai, kiasi kisichofika nusu kijiko cha chai, zinakaribia hapo. Chemsha maganda dakika 10, yakaushe kabisa, yasage mpaka unga usikwaruze vidole.

Ganda la yai halileti zinki, shaba, ayodini, kolini wala vitamini D na E. Kwa hiyo pata fomula kutoka kwa daktari wa mifugo aliyebobea katika lishe, yenye gramu za kila kiungo na jina la mchanganyiko wa madini na vitamini. Ukiipata, usibadilishe. Kuweka kifua cha kuku badala ya paja, au kuacha kijiko cha mafuta, kunavuruga hesabu yote.

Upungufu wa zinki hujionyesha usoni: magamba na ukoko kuzunguka macho na mdomo, na nyayo zinazokauka na kupasuka. Mbwa wa aina ya husky na malamute wana tatizo la kurithi la kuifyonza, na hupata dalili hizo hata kwenye chakula kilichokamilika.

Nyama mbichi haimjengi zaidi?

Hapana. Inaleta salmonela, na friza huzigandisha bila kuziua. Mbwa anaweza kuonekana mzima huku akizitoa kwenye kinyesi, na wa kwanza kuumia akawa mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu nyumbani. Viungo vya ndani vibichi vinaweza kumpa mbwa tegu aina ya Echinococcus, ambaye mayai yake humpa binadamu malengelenge makubwa ya ini na mapafu. Pika hadi nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya pande la nyama. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha.

Nasikia kitunguu saumu huongeza kinga.

Kwa mbwa, jamii yote ya vitunguu hupasua chembe nyekundu za damu, viwe vibichi, vilivyopikwa au vya unga. Zabibu mbichi na kavu huua figo. Zailitoli, sukari mbadala iliyomo kwenye baadhi ya bazoka na siagi ya karanga, hushusha sukari ya damu kuanzia gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa, na kuanzia gramu 0.5 inaweza kuharibu ini.

Na watoto wa mbwa?

Wanazaliwa karibu bila kingamwili. Wanazipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wao hufunga mlango huo baada ya kama saa 24. Hakikisha kila mmoja amenyonya saa za mwanzo, hasa mdogo anayesukumwa pembeni. Mama apewe chakula cha mbwa wanaokua tangu wiki tatu za mwisho za mimba hadi aachishe. Yatima wapewe maziwa mbadala ya mbwa. Ya ng'ombe yana protini na mafuta kidogo na laktosi nyingi, nao huharisha.

Kingamwili za mama huzuia chanjo kushika, na hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi. Wanaoishia wiki ya 10 hubaki wazi kwa parvo, virusi vinavyoshambulia utumbo, hata wakila vizuri namna gani.

Chakula kikavu nikihifadhije?

Kwenye mfuko wake, umefungwa, ndani ya pipa lenye kifuniko, mahali pakavu na pa baridi. Kimalize ndani ya wiki sita tangu kukifungua, maana mafuta yakichacha vitamini E huisha. Chenye ukungu kitupe chote. Sumukuvu ya aflatoksini huharibu ini na kushusha kinga, na kupika hakuiondoi.

Ameugua na hataki kula. Nifanye nini?

Pasha chakula laini hadi joto la mwili, harufu ipande, mpe vijiko vichache kila baada ya saa chache. Usimshindilie mdomoni: chakula huingia kwenye mapafu, naye hujifunza kukichukia. Mbwa mzima aliyekaa saa 24 bila kula, au mwenye joto linalozidi nyuzi 39.5, apelekwe kwa daktari. Mtoto wa mbwa anayekataa chakula huku akitapika au kuharisha apelekwe siku hiyo hiyo. Kumfungisha ili "kupumzisha tumbo" kumepitwa na wakati. Hata wagonjwa wa parvo hupona haraka zaidi daktari akianza kuwalisha mapema kidogo kidogo kwa mrija.