Boksi la kadi na pesa isiyo na haraka

Jumamosi moja alikuja mezani kwangu mzee mmoja wa Kigoma anayefanya kazi ya kuhamisha vyombo hapa Columbus, Ohio. Amekumbatia boksi zito kama limejaa vigae. Baada ya shikamoo na marahaba akalifungua. Kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, zaidi ya elfu tatu: za kampuni ya Topps za 1987, zile zenye pambizo la rangi ya mbao, na za kampuni ya Donruss za 1988. Mwenye nyumba aliyekuwa anahama alimwachia bure. Mzee alikuwa ameona kwenye simu kwamba kuna kadi iliuzwa dola milioni 12.6, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, humu haikosi hata moja ya kulipa ada ya chuo?"

"Mzee wangu, nikikupa dola 20 nitakuwa nimekurudishia mafuta tu."

Hii biashara ya kununua na kuuza kadi nimeifanya miaka kumi na minne, na swali lile naulizwa kila wiki, na Waswahili na Wamarekani sawasawa. Acha nilijibu vizuri.

Kadi aliyoiona ni ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli, Topps ya 1952, namba 311, iliyopigwa mnada Agosti 2022. Ajabu ni kwamba siyo hata kadi yake ya kwanza. Kampuni ya Bowman ilikuwa imetoa yake mwaka mmoja kabla. Kilichoipandisha ni ajali ya biashara. Namba za mwisho za toleo lile zilifika madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto wameshahamia kwenye mambo mengine, mzigo ukadoda. Kwa simulizi yake mwenyewe, Sy Berger wa Topps aliishia kuyapakia maboksi kwenye jahazi mwaka 1960 na kuyamwaga baharini. Na zile zilizowahi kuuzwa, watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli na mama zao wakazitupa pamoja na taka.

Hadithi hiyo ya mama na taka ndiyo iliyoliua boksi la mzee. Kufikia miaka ya 1980 Marekani nzima ilikuwa imeisikia, kila mtu akaamua hatarudia kosa. Watu wakanunua makatoni kwa makatoni na kuyahifadhi bila kuyafungua, na kampuni zikachapa usiku na mchana. Kitu kinachotunzwa na kila mtu kitakuwa adimu lini? Mgomo wa wachezaji wa besiboli wa 1994 ulipofuta hata fainali za msimu, wanunuzi wengi wakaondoka. Sisi wenye meza kadi za kipindi kile tunaziita takataka za karatasi ya nta, kwa sababu ya pakiti zake. Hata kadi ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck, 1989, inayopendwa kweli, imeshapimwa na PSA, kampuni ya kupima ubora wa kadi, zaidi ya mara 100,000.

Kupimwa ndiko kunakokula pesa za wageni. Unaituma kadi, wanaangalia pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu yenye alama, 1 mpaka 10. Mimi huanza na lenzi ya sonara chini ya taa, naiinamisha kadi taratibu: mkwaruzo usioonekana ukiitazama wima hung'aa ghafla kama uzi wa buibui. Mkwaruzo huo mmoja unaishusha kutoka 10 hadi 9, na bei inaweza kukatika nusu.

Chukua kadi ya dola 40. Kuipima, tuseme dola 25. Ipate 10, uiuze dola 90 mtandaoni: mtandao unachukua kama 12, posta 5. Umebaki na dola 8 kwa miezi ya kungoja. Ikipata 9 ukauza 45, umeingia hasara, na gharama zote zile umeshalipa. Ukija kupata faida ya maana baada ya kukaa nayo zaidi ya mwaka, kodi ya Marekani kwa vitu vya kukusanya inaweza kufika asilimia 28, wakati hisa kiwango chake cha juu ni 20.

Sasa turudi kwa Mantle. Aliyeiuza aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Watu huitazama ile milioni 12.6. Mimi huitazama ile elfu hamsini: nani mwaka 1991 alikuwa na kiasi hicho cha kukiweka kwenye kipande cha karatasi miaka 31, asikiguse kwa ajili ya hospitali, wala harusi, wala paa linalovuja? Alikuwa na jicho, sikatai. Lakini mwenye jicho kama lake na kodi ya nyumba ya kulipa angeiuza mapema. Nimenunua kadi nzuri sana kutoka kwa watu wa aina hiyo, tena mwisho wa mwezi.

Ukizitaka kwa kuzipenda, hapo ni habari nyingine. Mimi nina T206 moja, zile za pakiti za sigara za 1909 hadi 1911, pembe zimelika, mgongoni ina mkunjo. Nililipa dola 35. Toleo hilohilo lina kadi ya mchezaji Honus Wagner iliyouzwa dola milioni 7.25. Jina lenyewe T206 alilitoa Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse, mgonjwa wa baridi yabisi, asiye na utajiri. Alikusanya zaidi ya kadi 30,000 za besiboli, akazipeleka makumbusho ya Metropolitan, New York, na kuzibandika kwenye albamu kwa gundi, vidole vikimuuma, hadi miezi michache kabla ya kufariki 1963. Gundi! Leo mteja akiniletea kadi yenye gundi mgongoni namkata zaidi ya nusu ya bei.

Mzee hakuchukua ile dola 20. Alichambua boksi lake, akatoa kadi moja ya kijana anayecheka amebeba gongo begani, akasema anafanana na mjomba wake. Nikampa kifuko cha plastiki bure, nikamsaidia kubeba boksi hadi kwenye gari.